Matete, mamba na maneno ya watu: niliyojifunza tukirudisha ufukwe wetu Kyela

Nianze na ukuta maana ndio uliozua yote. Kitongoji chetu kiko kandokando ya Ziwa Nyasa, upande wa Matema huku Kyela, nyumba zimefuata maji, mbele mchanga, nyuma migomba na kakao. Kuna bwana mmoja alinunua ploti pale mbele kabisa akajenga gesti, na ziwa lilipoanza kupanda akaleta fuso za mawe akajenga ukuta wa saruji mpaka msingi wake ukawa ndani ya maji. Ukuta mzuri, siwezi kusema uongo, vijana walikuwa wanaenda kupigia picha pale jioni. Kisha ukaja msimu wa upepo, mchanga uliokuwa mbele ya ule ukuta ukaondoka wote pakabaki mawe na maji ya kiunoni, na kwa jirani yake, mama mmoja mjane ambaye hana hata tofali la akiba, maji yakaanza kumega kona ya kiwanja, leo hatua moja kesho nyingine, mpaka choo kikabaki kinaning'inia.

Hapo ndo kila mtu akawa na lake la kusema. Wengine wakasema mama aende mahakamani, wengine wakasema kila mtu ajenge ukuta wake (kwa hela ipi?), na kuna waliosema ni mizimu ya ziwa imekasirika.

Mimi wakati huo nilikuwa katibu wa kamati ya mazingira ya kitongoji, cheo nilichopewa kwa sababu moja tu, mwandiko wangu unasomeka na simu yangu inakaa na chaji. Kazi yangu hasa ni usipa, wale dagaa wa Nyasa. Nanunua alfajiri wavuvi wakirudi na taa zao, naanika, nikipata gunia za kutosha napeleka Tukuyu au Mbeya mjini. Kwa hiyo haya naandika kama mtu wa ziwani, msije mkaniuliza habari za hesabu za mawimbi.

Ila hiyo ya ukuta nilieleweshwa vizuri na mtaalamu mmoja kijana aliyekuja na mradi. Wimbi likikuta mchanga uliolala taratibu linapanda, linachoka, linaacha mchanga liliokuja nao na kurudi polepole. Likikuta ukuta uliosimama wima halina pa kuchokea, linagonga na kurudi na nguvu karibu ileile, linachimba palepale mguuni, na likifika ukuta unapoishia linajipinda linaingia kwa jirani. Wavuvi wetu walikuwa wanaliona hilo kwa macho miaka yote, maana hakuna anayepaki mtumbwi karibu na mwamba wakati wa upepo.

Na wimbi la huku si la mchezo. Watu wakisikia ziwa wanafikiria bwawa kubwa. Nyasa ina urefu wa kilomita zaidi ya 500 kutoka kusini mpaka kaskazini, na sisi ndo tuko kwenye ncha ya kaskazini, yaani upepo wa kusini mashariki, ule ambao ng'ambo Malawi wanauita mwera, ukianza kuvuma kuanzia kama mwezi wa tano mpaka wa nane unakuwa na nafasi ya kusukuma maji urefu wote ule bila kizuizi halafu unakuja kuyamwaga mlangoni kwetu. Kuna asubuhi ukiamka unakuta bichi imebadilika sura, mtumbwi uliofungwa kwenye mti uko migombani.

Sasa ongeza na kupanda kwa ziwa lenyewe. Kwa mwaka wa kawaida linapanda na kushuka kama mita moja, linajaa kuelekea mwezi wa nne na wa tano baada ya masika, halafu linashuka mpaka mvua zinapokaribia tena. Hiyo kila mtu anaijua. Ambayo vijana hawaijui ni ile ya miaka mingi. Mzee mmoja pale kwetu alinipeleka nyuma ya shamba lake, mbali na maji kabisa, akanionyesha mwembe. Akaniambia, "Mwanangu, hapa ndo tulikuwa tunafunga mitumbwi, nyinyi hamjazaliwa." Nikadhani ni hadithi za wazee. Kumbe ni kweli, mwaka 1980 ziwa lilifika karibu mita 477 juu ya usawa wa bahari wakati kwa kawaida linacheza kwenye 474, 475 hivi. Na huko nyuma zaidi liliwahi kushuka mpaka mto Shire unaotoa maji kwenda Zambezi ukaacha kutoka kabisa, kuanzia 1915 mpaka miaka ya 1930 katikati. Sasa mtu anayekuja leo na hati yake ya ploti, akapima mwezi wa kumi na moja maji yakiwa mbali, akaweka msingi, anajenga kwenye chumba cha ziwa ambacho mwenyewe kasafiri tu.

Hilo la mwembe lilibadilisha sana mazungumzo kwenye kamati. Kabla ya hapo wote tulikuwa tunazungumza jinsi ya kulizuia ziwa lisije. Baada ya hapo wazee wakaanza kuuliza mbona zamani lilikuja na kuondoka na bichi ikabaki? Jibu likawa matete. Mbele ya kitongoji chote palikuwa na ukanda wa matete na mabingobingo, na kwenye midomo ya vijito palikuwa na mikuyu mikubwa ambayo mizizi yake imeshika udongo. Matete yanavunja wimbi kabla halijafika, na yanakamata mchanga. Yaliishaje? Tuliyakata wenyewe kidogokidogo, ya uzio, ya paa, ya kutandika chini ya usipa, mengine yakafyekwa na wenye ploti ili wageni waone maji vizuri, mengine ng'ombe. Mikuyu ikaenda mkaa. Hakuna siku moja unayoweza kusema hapa ndo yalipoisha.

Basi mradi ukaja, tukakubaliana tujaribu kuyarudisha. Na hapa ndo nilipojifunza kwamba kupanda matete ni kazi ndogo sana kuliko kueleza kwa nini unayapanda.

Yule kijana mtaalamu alipita na vijiti akavichomeka kwenye mstari kuanzia kwa yule mama mjane mpaka karibu na sehemu ya mitumbwi, ili tujue maji yanafika wapi na matete yaanzie wapi, na kila kijiti akakifunga utepe mwekundu uonekane kwa mbali. Mwekundu, jamani! Nchi hii ambayo kila mtu ameshaona nyumba ya ndugu yake imepigwa X nyekundu kando ya barabara. Mchana huohuo mtu akapiga picha akairusha kwenye grupu la WhatsApp la kitongoji na sauti juu yake, "ndugu zangu tayari, ni zile mita 60, wanaanza kubomoa Jumatatu." Jioni nikaanza kupigiwa simu na watu wako Dar, wako Tunduma, mmoja analia kabisa anauliza vyombo vya mama vihamishwe lini. Asubuhi vijiti vyote havipo na matete tuliyokuwa tumepanda siku hiyo yameng'olewa yamelazwa juani.

Mwenyekiti alitaka kuita polisi. Yule mzee wa mwembe akakataa, akasema ukileta polisi utakuwa umethibitisha ule uvumi. Nilimshukuru sana moyoni maana nilishaanza kuandika barua.

Tukaitisha mkutano. Na mimi kama katibu ilibidi niseme jambo ambalo wajumbe wengine walitaka lisitajwe kabisa, kwamba hiyo sheria ya mita 60 ipo kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto, bahari au bwawa. Ipo, imeandikwa. Wajumbe walikuwa na hoja kwamba ukiitaja unawasha moto. Mi nikaona moto umeshawaka na watu wanajua namba yenyewe, 60, sasa ukisema hakuna kitu kama hicho halafu mtu akaenda kuuliza wilayani akaambiwa ipo, na hayo matete nayo atasema ni uongo. Nikaisoma. Halafu nikasema ninachokijua: hakuna amri ya kubomoa iliyoletwa kwenye kijiji hiki, mwenyekiti yuko hapa mtendaji yuko hapa waulizeni mbele ya watu wote, na hivi vijiti vinapima maji, havipimi nyumba. Watu waliuliza mpaka jua likazama. Mama mmoja akauliza je mkishamaliza kupanda serikali si itasema hapa ni hifadhi mtoke? Swali zuri tu, na mtendaji hakulijibu vizuri, akazungukazunguka, ikabidi arudi wiki nyingine na jibu la maandishi kwamba eneo linabaki la kijiji na matete yatavunwa kwa utaratibu wa kijiji wenyewe. Lile karatasi nililitoa kopi nikalibandika pale tunapoanikia usipa, lilikaa mpaka likawa la kahawia.

Kuanzia hapo tukabadilisha utepe. Hili wazo lilitoka kwa kina mama na nalipenda mpaka leo. Kila nyumba iliyokubali kutunza kipande chake ilileta kipande cha khanga kuukuu ikafunga kwenye vijiti vyake. Kwa hiyo ufukwe ukawa na rangi zote, na ukipita unajua hapa ni kwa fulani hapa ni kwa fulani. Kung'oa kijiti cha mradi ni rahisi, ila kung'oa kijiti chenye khanga ya shangazi yako ambayo umebebewa mgongoni, nani ataanza?

Na habari zikawa na siku yake. Kila Jumapili jioni natuma sauti kwenye grupu, Kiswahili kwanza halafu Kinyakyusa, kwa sababu bibi zetu wengi hawasomi meseji lakini wajukuu wanawafungulia wanasikiliza. Nasema kilichofanyika, kilichoharibika, hela iliyotumika na iliyobaki, na kama kuna kitu hatujui nasema hatujui tunauliza. Hata wiki ambayo hakuna kitu natuma nasema wiki hii hakuna kitu. Mwanzoni watu walinicheka, dada katibu na taarifa yake ya habari. Lakini nikichelewa tu Jumapili moja, Jumatatu unakuta kuna uvumi mpya umezaliwa! Kanisani pia, Walutheri na Wamoraviani wote walikubali kusoma matangazo yetu. Na njia ambayo sikuitegemea kabisa ni wale kina mama wa Ikombe wanaokuja na mitumbwi iliyojaa vyungu kwenye gulio la Jumamosi pale Lyulilo. Wao wanafika kila nyumba ya ziwani, na chungu hakinunuliwi kimyakimya, kuna maongezi. Vijiji ambavyo grupu letu halijui hata majina ya watu wake vilikuwa vimesikia habari za matete ya khanga.

Sasa msidhani pingamizi zilikuwa za uvumi tu. Mbili zilikuwa za kweli kabisa na mradi haukuwa umezifikiria.

Ya kwanza mamba. Huku kwetu mamba si hadithi, wapo mitoni na wanatokea ziwani hasa karibu na midomo ya mito, na matete ni pahali pa kujificha. Mama akichota maji alfajiri anataka aone mbali. Ukimwambia habari za mmomonyoko anakuuliza mtoto wangu na mmomonyoko kipi kikubwa, na hapo huna jibu. Ya pili kichocho. Konokono wanaobeba kichocho wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, na matete kazi yake ndo hiyo, kutuliza maji. Nesi mmoja wa zahanati alisimama kwenye mkutano akasema bila kupepesa, mkipanda ovyo mtaniletea watoto wanaokojoa damu.

Tulikaa muda mrefu kwa haya mawili. Tukafikia kwamba sehemu za kuchotea maji, kuogea na za mitumbwi ziachwe wazi kabisa, mchanga mtupu, pana, na pande zake matete yafyekwe yawe mafupi ili uone. Matete yakae kwenye zile sehemu ambazo watu hawaingii majini. Na karibu na mdomo wa kijito, ambako mamba wameonekana, hatukupanda matete kabisa, tuliweka mikuyu juu kwenye ukingo na majani ya vetiva ambayo mizizi yake inakwenda chini sana. Mkuyu una raha yake, unakata gogo la ukubwa wa mkono, unalichimbia mwanzoni mwa mvua na linaota. Kijana wa mradi hakupenda, ramani yake ilikuwa na mstari mmoja mzuri ulionyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho, sisi tukamrudishia kitu chenye mapengo. Kwa maoni yangu yale mapengo ndo yaliyoiokoa kazi, maana bila hayo kina mama wangefyeka yote usiku mmoja, na mimi ningekuwa nao.

Kupanda kwenyewe kuna majira yake na hapa upepo ulitupiga vibaya. Mradi ulikuwa na bajeti inayoisha mwezi wa sita, kwa hiyo miche ililetwa wakati wa upepo. Wavuvi wakasema hii itaondoka. Ikaondoka. Tulikuwa tunaiokota mbali huko ikielea. Watu wa mradi waliporudi tukapanda kwa kalenda ya ziwa, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, maji yakiwa chini kabisa na upepo umelegea, matete yanapata muda wa kushika kabla ziwa halijaanza kuyapandia taratibu na mvua. Na mbele yake tukapiga uzio wa mianzi ndani ya maji, safu mbili, katikati tukasokota matawi. Uzio hauzuii maji, yanapita, ila wimbi linaingia limechoka na mchanga unabaki nyuma yake. Mianzi hiyo inaoza baada ya misimu michache na hiyo ndo nia, ikioza matete yawe yameshakomaa. Huku Unyakyusa mafundi wa mianzi hawakosekani, wazee waliojenga nyumba za mianzi wakiwa vijana ndo waliokuwa wanatufokea namna ya kufunga.

Halafu kuna mchanga, na hili ni gumu mpaka leo.

Bichi inalishwa na mito. Kiwira, Mbaka, Lufilyo, yote inashuka kutoka milimani, Rungwe huko na Livingstone, na Kyela inapata mvua zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, kwa hiyo mito inakuja na mzigo. Tambarare yote hii ya mpunga ililetwa na mito. Tope likizidi linafukia, watu wa bandari ya Itungi wanajua, palijaa tope mpaka meli zikawa zinatumia zaidi bandari ya Kiwira. Ila mchanga mzito ule unaoshuka mpaka mdomoni mwa mto ndio mawimbi yanausambaza kwenye bichi zetu. Sasa fuso zinaenda palepale mdomoni kuuchota kwa ajili ya tofali, kila siku. Kwa hiyo huku unapanda matete yakamate mchanga na kule mchanga wenyewe hauji.

Vijana wanaopakia ni watoto wetu. Huwezi kuwaambia acheni halafu ukaenda kulala, wanakula nini? Kwenye mkutano mmoja kijana alisema dada katibu wewe tofali la nyumba yako lilitoka wapi, na watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana lilitoka palepale. Kilichosaidia kidogo ni wakulima wa mpunga. Mafuriko ya masika yakipita mara nyingi yanaacha mchanga juu ya majaruba, shamba linafukiwa, mwenye shamba analia na hana hela ya kuutoa. Tukaunganisha, fuso ziende kule, mwenye shamba asafishiwe, kijana apate mzigo wake. Hii inafanya kazi mwezi wa sita mpaka wa tisa hivi barabara zikiwa kavu. Mvua ikianza magari hayafiki mashambani na yanarudi mdomoni mwa mto, tena usiku. Sheria ndogo ya kijiji tumeipitisha lakini nani anasimama gizani kuzuia fuso?

Niseme pia habari ya Malawi, maana kila ziwa likipanda inarudi. Inasambaa kwamba Malawi wamefunga maji, ndo maana tunafurika, na kwa sababu ya ule mgogoro wa mpaka wa ziwa watu wanaipenda sana hii habari. Kuna kizuizi kweli, kiko Liwonde kwenye mto Shire, kipo tangu 1965 na kinasaidia kupunguza au kuongeza maji yanayotoka. Lakini ziwa hili sehemu kubwa ya maji yake haiondoki kwa mto, inaondoka kwa jua, kwa mvuke. Mvua zikiwa kubwa miaka inayofuatana linapanda, upende usipende, na wao wanafurika kuliko sisi, bichi zao zinaliwa kama zetu. Hii nimeirusha kwenye sauti ya Jumapili zaidi ya mara moja na bado kuna mzee ananiambia wewe umelipwa na Wamalawi. Nimemwacha.

Kwa yule mama mjane maji yameacha kumega. Mbele yake matete yameshafika kimo cha mtu, mchanga umejijaza nyuma ya mianzi mpaka safu ya kwanza imezikwa nusu, na choo amehamishia nyuma karibu na migomba ambako kilitakiwa kuwa tangu mwanzo. Watoto wanaona vifaranga vya magege kwenye maji ya chini ya matete, hilo wavuvi wamelipokea kwa furaha kuliko habari zote za mmomonyoko, na wenyewe wamekubaliana chandarua kisipite pale. Sehemu ya kati bado mbaya. Ng'ombe wa mtu mmoja hawajui mikutano.

Mwenye ukuta alikuja. Hakuja kwenye mkutano, alikuja nyumbani jioni, akauliza hayo matete yanaweza kuota mbele ya gesti yake maana wageni wanalalamika hakuna bichi, wanashuka ngazi wanakuta maji. Nilimwambia mbele ya ukuta hayatashika, wimbi linarudi na nguvu. Kuvunja hataki, ametumia hela nyingi. Tulichofikia ni kwamba mwisho wa ukuta, upande wa mama, amwage mawe ya mteremko yasiyo na saruji ili wimbi lipande lichoke, na nyuma yake tupande. Mawe ameleta nusu. Nusu nyingine anasema mwezi ujao, na mwezi ujao umeshapita. Nimeshaisema kwenye Jumapili, bila jina, ila kitongojini nani asiyejua?

Vijiji vya jirani wameanza kuja kuomba mbegu. Tunatoa bure, kinachotakiwa ni uje na watu wako mkate wenyewe, mkate na mzizi wake na tope lake, mfunge kwenye gunia lililolowa na mpande kesho yake, zisilale njiani. Msije mwezi wa sita. Njooni kuanzia wa kumi, na kabla hamjaja fanyeni mkutano kwenu kwanza, muwaulize kina mama wanachota maji wapi.